Misukule Wenye Rashasha: Anime za Mashujaa Wafu, na Ipi Uanze Kuinunua

Bibi yangu hajawahi kutazama anime, zile katuni za Kijapani, lakini nilipomsimulia habari za Makina Hoshimura wa Shikabane Hime hakuniomba ufafanuzi. Binti kauawa. Wenye elimu yao wamemwinua. Sasa usiku anatumwa kazi na aliyefunga naye mkataba. "Si msukule huyo?" akauliza. Nikamjibu ndiyo bibi, ila huyu wamempa rashasha mbili.

Tangu siku ile nazipima anime hizi kwa kipimo cha bibi. Msukule wa simulizi zetu anatisha kidogo tu kwa kuwa maiti inayotembea. Kinachotisha zaidi ni kwamba ana mwenyewe: kuna mtu aliyemchukua, akamkata ulimi, akawa anamlisha pumba na kumlimisha usiku, huku ndugu zake wameshamaliza matanga. Kwa hiyo anime ya shujaa mfu ikinijia mkononi nauliza mambo mawili. Nani anammiliki huyu binti? Na je, hadithi inakumbuka kwamba amekufa, au ameuawa epsodi ya kwanza na ikifika ya tatu anakula aiskrimu kama wenzake? Nyingi huanguka swali la pili, na ndiyo maana orodha yangu ni fupi.

Ya kwanza: Shikabane Hime

Jina maana yake ni binti mfalme maiti, na kwenye maduka ya Kiingereza utaikuta kama Corpse Princess. Tafuta kwa majina yote mawili, maana wauzaji wengine huandika moja tu. Ilitengenezwa na studio za Feel na Gainax kutokana na manga, yaani hadithi ya picha, ya Yoshiichi Akahito. Nusu ya kwanza inaitwa Aka, yaani nyekundu, nayo ilirushwa mwishoni mwa 2008. Ya pili, Kuro, yaani nyeusi, ilifuata mwanzoni mwa 2009. Jumla ni epsodi 25 za televisheni.

Mpangilio wake ni huu. Mtu akifa na jambo zito moyoni, kisasi au mapenzi au wivu, maiti yake inaweza kuinuka ikala watu. Maiti hizo ndizo shikabane. Madhehebu moja ya watawa wa Kibudha huchagua baadhi ya wasichana wa aina hiyo na kufunga nao mkataba: kila msichana anapewa mtawa wake, anaishi kwa nguvu ya uhai wa mtawa huyo, na akiua shikabane 108 ataingia peponi. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Katika Ubudha wa Japani tamaa zinazomfunga binadamu ni 108, na usiku wa kuamkia mwaka mpya mahekalu hugonga kengele mara hizo hizo.

Hapo ndipo anime hii inapozipita nyingine. Makina anavaa sare ya shule ambayo hataisomea tena. Anawawinda waliomuulia familia yake, na kila akipigwa risasi anaamka kwa gharama ya mtu mwingine. Mtawa wake, Keisei, ni mcheshi na mlezi wa watoto yatima, na utampenda. Hata hivyo ni yeye aliyeshika kamba. Mdogo wake wa kulea, Ouri, ndiye anayeuliza swali la bibi: mnampeleka huyu vitani kwa haki ipi? Watawa wana majibu, tena mazuri, na ubaya wake ni huo.

Kasoro zipo na nitakutajia kabla hujatoa pesa. Epsodi tano za mwanzo zinakwenda kwa mtindo wa jini mmoja kwa wiki. Uchoraji unapanda na kushuka, na kamera ina tabia ya kushughulika na sketi za wasichana wakati inapaswa kushughulika na maombolezo yao. Halafu manga iliendelea kutoka miaka kadhaa baada ya anime kwisha, kwa hiyo ule mwisho ni wa anime yenyewe. Pamoja na hayo, hakuna nyingine iliyolikabili jambo hili uso kwa uso namna hii. Kuna matoleo yaliyogawanywa nusu mbili na kuna kasha moja lenye yote. Chukua kasha. Aka peke yake itakuacha mahali pabaya, na kumpata muuzaji mwenye Kuro peke yake ni kazi nyingine.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa

Hapa nizungumze kidogo kuhusu diski, maana mimi zimenigharimu. Niliwahi kuagiza Blu-ray kutoka Marekani, nikasubiri wiki tano, nikaiweka kwenye mashine, nikapata maandishi kwamba diski si ya eneo langu. Muuzaji alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye tangazo lake, chini kabisa, kwa herufi za mchwa.

Utaratibu ni rahisi ukishaujua. Blu-ray zina kanda tatu. A ni Amerika, Japani na nchi kadhaa za Asia. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni China, Urusi na majirani zao. Kwa hiyo aliyeko Dar, Nairobi au Muscat na ana mashine ya kawaida, PlayStation yenye tundu la diski ikiwemo, anunue toleo la Uingereza na aachane na la Marekani. DVD zina namba zake: Marekani ni 1, Japani na Ulaya ni 2, sehemu kubwa ya Afrika ni 5, na nchi za Ghuba ni 2. Bahati nzuri deki nyingi za bei nafuu hazijali namba hizo, zinasoma chochote. Kompyuta inajali: kiendeshi cha DVD hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha kinabaki pale pale ulipokiachia.

Matoleo ya Japani yenyewe ni mazuri kuyaangalia na mabaya kwa mfuko. Diski moja mara nyingi hubeba epsodi mbili au tatu kwa maelfu ya yeni, na usitegemee kukuta maandishi ya Kiingereza. Hayo waachie wakusanyaji.

Ukiona kasha la mfululizo mrefu limebanwa kwenye diski tatu au nne, limeandikwa kwamba linachezeka kanda zote, lina tafsiri ya Kichina na ya Kiingereza kilichovunjika, hiyo ni feki. Afadhali kijana wa mtaani anayekujazia flashi. Yeye angalau hajifanyi.

Na kwa nini diski, wakati Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, ipo kwenye simu? Nami nalipia Crunchyroll. Lakini katalogi hubadilika nchi kwa nchi, na kitu kilichopo leo mwezi ujao huna. Tarehe 2 Aprili 2024 Funimation, huduma nyingine ya anime, ilifunga programu yake baada ya kuunganishwa na Crunchyroll, na watu waliokuwa na nakala za kidijitali walizopewa pamoja na diski zao walizipoteza. Diski zenyewe zilibaki kabatini.

Ya pili: Hellsing Ultimate

Wengi wananunua hii kwa ajili ya Alucard, mnyonya damu mwenye kofia nyekundu, na sitawalaumu. Mimi naiweka hapa kwa ajili ya Seras Victoria. Ni polisi wa Kiingereza ambaye katika kijiji cha Cheddar anashikwa mateka na padri mnyonya damu. Alucard anampiga padri risasi inayopita kwenye mwili wa Seras, kisha anamwuliza kama anataka kufa au kuendelea kwa njia nyingine. Anachagua kuendelea. Kuanzia hapo analala kwenye jeneza, anabeba mzinga wa milimita 30 mrefu kuliko yeye, anamwita Alucard bwana wake, na damu hataki kunywa.

Huko kukataa damu ndiko hadithi yenyewe. Alucard anamweleza kwamba akinywa damu yake kwa hiari, atakuwa huru, hatakuwa tena mtumishi wa mtu. Mlango uko wazi na mateka hatoki. Nimewahi kubishana na rafiki saa nzima kama huo ni uoga au ni utu wa mwisho aliobaki nao. Naye Alucard ana mwenyewe, familia ya Hellsing, kwa hiyo kamba ni ndefu kuliko ilivyoonekana.

Ni epsodi 10 zilizotoka kati ya 2006 na 2012, nyingi zikikaribia saa moja kila moja. Angalia neno Ultimate kwenye kasha. Kuna Hellsing nyingine ya 2001, epsodi 13 za studio ya Gonzo, iliyotengenezwa manga ya Kouta Hirano ikiwa bado changa, ikabidi ijitungie njia. Muziki wake ni mtamu, ila si hadithi ninayokusifia hapa. Ultimate huuzwa kwa mafungu matatu, 1 hadi 4, 5 hadi 8, na 9 hadi 10, na fungu la mwisho huwekwa bei ya kuvutia kwa sababu halina maana bila yale mawili. Sauti za Kiingereza ni za kununulia hasa, kwani watu wenyewe ni Waingereza. Si ya kutazama sebuleni watoto wakiwepo: kuna Wanazi, kuna London inayoungua, na damu haina kipimo.

Ya tatu: Kabaneri of the Iron Fortress

Epsodi 12, Wit Studio, 2016, na Tetsurō Araki akiongoza. Nchi imejaa kabane, maiti zenye moyo uliofunikwa chuma. Watu wamejifungia kwenye vituo vya reli na kusafiri kwa treni za mvuke zenye silaha. Mumei ni msichana wa miaka kumi na miwili, nusu mtu na nusu maiti, anayepigana kama anacheza ngoma. Jina lake maana yake ni asiye na jina, na aliyempa jina hilo ndiye aliyemfanya silaha. Bibi angecheka hapo: msukule naye huwa hana jina.

Robo tatu ya kwanza ni ya moto. Robo ya mwisho inamkabidhi mwovu mmoja kazi ya hadithi nzima, na pumzi inakatika. Lakini kwa macho tu, kwa ule uchoraji wa nyuso wa Haruhiko Mikimoto na muziki wa Hiroyuki Sawano, hii ndiyo pekee kwenye orodha ambayo nakushauri Blu-ray badala ya DVD. Ukiipenda kuna filamu ya 2019, The Battle of Unato.

Ukoo wa Saya, mmoja ununue na mmoja uukimbie

Hapa natoka kidogo kwenye maiti. Saya wa Blood hakufa, ila binadamu pia siye. Blood: The Last Vampire ya Production I.G ilitoka 2000, ina takriban dakika 48, na inatokea 1966 kwenye kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Yokota wakati wa vita vya Vietnam. Msichana, upanga, majini waliojificha kati ya watu, na karibu hakuna anayeeleza chochote. Ni fupi kwa bei yake, lakini nimeirudia mara nyingi kuliko kasha lolote nililonalo.

Blood+ ya 2005 ni epsodi 50 zinazoanzia Okinawa, na kipimo changu kinageuka kichwa chini, kwa sababu mle Saya ndiye mwenye mtumishi: Haji, aliyemnywesha damu yake, anamfuata na kasha la cello, ile fidla kubwa, mgongoni. Kwa mwenye subira. Blood-C ya 2011 iache dukani. Inazungukazunguka epsodi baada ya epsodi, inamwaga ndoo ya damu mwishoni, kisha inakutaka ununue filamu ya 2012 ili ujue yaliyofuata.

Kwa wazee wenzangu: Vampire Princess Miyu

Epsodi nne za 1988, si ule mfululizo wa televisheni wa 1997. Kyoto yenye ukungu, muziki wa Kenji Kawai, na msichana asiyekua anayewarudisha shinma, majini wa hadithi hiyo, gizani kwa sababu kazi hiyo amerithi, hajaiomba. Uchoraji ni wa zamani na mwendo ni wa pole. Diski zake ni za kuvizia mitumba. Mwombe muuzaji picha ya upande unaong'aa, si ya jalada.

Nje ya foleni: Puella Magi Madoka Magica

Studio Shaft, 2011, epsodi 12. Jalada lina wasichana wenye riboni na rangi za pipi, na muuzaji ataiweka rafu ya watoto. Hakuna maiti kwenye jalada, hakuna maiti kwenye tangazo. Kuna kiumbe cheupe kama paka kinachompa kila msichana mkataba: omba chochote, kisha upigane na wachawi. Gen Urobuchi ndiye aliyeiandika. Toleo la Marekani lilitoka kwa juzuu tatu za epsodi nne nne na bei yake ilikuwa ya kutia huruma, kwa hiyo tafuta la Uingereza, ambalo ndilo linalochezeka kwetu. Usisome chochote kuihusu kwanza, hata nyuma ya kasha. Ukifika epsodi ya sita, juu ya daraja la barabara kuu, utajua kwa nini nimeichanganya na misukule.