Jiko la udongo la Kongowea, liko sawa kabisa

Hili jiko la makaa nimelichukua Kongowea, Mombasa, kwa fundi na nalipenda mno yaani. Kabla sijalipa aligonga ule udongo wa ndani kwa ukucha nisikie unavyolia, ting, maana ukiwa na ufa sauti inakuwa butu. Joto lenyewe halina neno, chuma kikifika digrii 600 hivi kishalegea sana ila seramiki ngumu (vitu vya jamii ya udongo uliochomwa kama huu) mfano alumina, oksidi ya alumini, hata kwa 1000 ukakamavu hupungua kidogo tu. Shida ni kuwa udongo haunyumbuki, ukiumwagia maji ungali mwekundu juu panasinyaa huku ndani bado moto, hapo lazima upasuke. Makaa kidogo yanaivisha wali wa nazi, bei nayo haiumizi, chukueni tu.