Koili kubwa au koili ndogo? Uliza udongo wako kwanza

Jambo sana ndugu zangu, karibuni tena. Mkisikia kelele za motari huko nyuma mnisamehe. Leo niko uani kwangu, hapa Panzi, mjini Bukavu, kwa sababu ninachotaka kuwaonyesha kinahitaji udongo, hakiwezi kufanyika sebuleni.

Mezani nina aparei mbili za kutafutia dhahabu, koili nne, yaani zile sahani zenye waya ndani zinazofungwa chini ya mti wa aparei, karai la kuoshea mchanga, na hiki hapa... ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnakiona? Hii ni risasi. Si ya bunduki, mama aliyeko jikoni asishtuke! Ni risasi ya kuzamishia wavu. Hii kubwa, kama kidole gumba, nimeiazima kwa jirani yangu anayevua sambaza. Hii ndogo, kama kichwa cha kiberiti, nimeikata kwenye kipande kibovu alichokuwa anatupa. Tutavitumia mahali pa dhahabu, maana dhahabu yenyewe sina ya kuchezea, na aparei inaisikia risasi karibu sawasawa na dhahabu ya ukubwa huo.

Ujumbe mnaoniandikia ni mmoja tu: "Mukubwa, ninunue aparei gani?" Mwingine ananiandikia ameshauza shamba, pesa iko mfukoni, anataka jina tu. Mimi siwezi kukupa jina kabla hujaniambia dhahabu ya kwenu ina ukubwa gani. Nitawaeleza kwa nini, na nitaanza na ujinga wangu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii, rafiki yangu aliniazima aparei ya GPX 5000 ya kampuni ya Minelab, hii hapa. Nikaona koili yake ya inchi 11 ni ndogo. Nikatafuta pesa, nikanunua hii ya inchi 15, sahani ya kulia ugali watu sita. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: koili kubwa, dhahabu nyingi. Nikapanda nayo hadi kwenye machimbo upande wa Walungu, nikazunguka siku tatu. Bega likavimba. Nikapata misumari, ncha za patasi, vifuniko vya bia ya Primus, na kopo la sardini. Siku ya tatu jioni nikakaa karibu na wamama wanaotwanga mawe. Mama mmoja akanitazama, akazungusha karai lake, akanionyesha chini kabisa: mstari mwembamba wa manjano, kama unga wa mahindi uliomwagika. Akaniambia, "Mwanangu, hapa sisi tunatafuta unga. Wewe unatafuta mawe?"

Mama yule alinifundisha kuliko kitabu cha maelekezo. Aparei haisikii "dhahabu", inasikia kipande cha metali. Koili inatuma nguvu ya sumaku ardhini, kipande cha metali kinapata umeme mdogo unaozunguka ndani yake, nao huo umeme unarudisha sumaku kidogo, aparei inaigeuza kuwa sauti. Kama dhahabu yako ni vumbi lililotawanyika ndani ya jiwe la kwazi, lile jeupe gumu, kila chembe iko peke yake, hakuna njia ya umeme kuzunguka. Jiwe linaweza kuwa na utajiri, na aparei ya dola elfu nane ikapita juu yake kimya. Sehemu nyingi za kwetu Kivu ya Kusini dhahabu iko hivyo, ndiyo maana watu wanatwanga na kuosha. Kwa hiyo kabla ya dola hata moja, chukua karai hili, osha udongo wa mahali pako, mashimo kumi tofauti. Ukipata unga tu, usinunue aparei. Nunua karai jingine. Ukianza kuona punje unazoweza kuzishika kwa kucha, basi sasa tuzungumze.

Haya, aparei zenyewe. Hii nyepesi ni Gold Monster 1000 ya Minelab. Hizi tunaziita VLF: inatuma na kusikiliza kwa wakati mmoja, bila kupumzika. Hii inafanya kazi kwa masafa ya kilohezi 45, yaani mitetemo elfu 45 kwa sekunde. Kumbuka namba hiyo. Masafa yakiwa juu, aparei inasikia vitu vidogo vizuri zaidi, lakini udongo wenye chuma unaisumbua. VLF nyingine, Garrett AT Gold, iko kwenye kilohezi 18, Gold Bug 2 ya Fisher iko kwenye 71. Gold Bug 2 ni ya zamani, inatumia betri mbili za volti 9, na kwa vipunje vidogo kwenye udongo mtulivu bado inatia aibu mashini mpya. Kwenye udongo mwekundu, aibu inabaki kwako.

Hii nzito, GPX 5000, ni ya namna nyingine, inaitwa PI, yaani ya mapigo. Fikiria mtu amesimama ng'ambo ya bonde: anapiga kelele, ananyamaza, anasikiliza mwangwi. PI inafanya hivyo mara nyingi sana kwa sekunde moja. Kwa kuwa inasikiliza wakati imenyamaza, udongo wenye chuma hauizibi masikio kama unavyoiziba VLF. Ndiyo inayokwenda chini. Lakini mwangwi wa kipande kidogo sana unakufa haraka, wakati mwingine kabla PI haijaanza kusikiliza. Tena haikubagulii chuma na dhahabu kwa kuaminika, kwa hiyo unachimba kila kitu. Kila kitu, ndugu yangu.

Bei? Gold Monster huko Marekani imekuwa chini kidogo ya dola 1,000. GPX 6000, PI iliyotoka 2021, imekuwa kwenye dola elfu sita hivi, kabla ya usafiri na forodha.

Sasa koili, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Kuna koili tunaita mono: waya mmoja unatuma na kupokea. Inasikia chini zaidi, lakini kwenye udongo mkali inapiga kelele. Halafu kuna DD, ndani yake nyaya mbili zenye umbo la herufi D zimelaliana katikati. Inapoteza kina kidogo, ila inatulia kwenye udongo wenye chuma. Kwa VLF kwenye ardhi yetu nyekundu mimi sibishani, ni DD. Na Gold Monster inakuja na DD mbili ndani ya boksi lake: hii ya mviringo ya inchi 5, na hii ndefu ya inchi 10 kwa 6.

Tuone kwa macho. Nimewasha, sauti mnaisikia, inanguruma kidogo tu. Nashika risasi ndogo hewani. Koili ya inchi 5... vidole vitatu... hiyo! Mmesikia? Inalia vizuri. Sasa nabadilisha, naweka ile ndefu. Vidole vitatu... hakuna. Viwili... inalia, lakini kwa kunong'ona. Sasa GPX na ile sahani yangu ya ugali. Vidole viwili, hakuna. Kimoja, hakuna. Naigusisha kabisa kwenye plastiki... labda. Mimi sijasikia, nyie mmesikia? Risasi ile ile, dakika ile ile.

Tugeuze. Risasi kubwa nilikwisha kuifukia pale penye kijiti, kina cha mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Gold Monster inapita... inalia kila mahali, hapa, hapa, na hapa pasipo na kitu. Huo ni udongo unaongea. Udongo wa Bukavu umetoka kwenye mawe ya volkano, basalti iliyooza, umejaa chuma. Ndiyo maana mtu akijaribu VLF uani kwake hapa mjini anasema "aparei mbovu", kumbe huko Kamituga kwenye mawe ya namna nyingine ingetulia. Sasa GPX na inchi 15... sikilizeni. Uuuu. Ile sauti pana, laini, inapanda na kushuka taratibu. Hiyo ndiyo sauti ya kitu kikubwa kilicho chini.

Basi hesabu yangu ya zamani ilikuwa nusu tu. Koili kubwa inakwenda chini kwa kitu kikubwa, na inakuwa kiziwi kwa kitu kidogo. Kama karai lako lilikuonyesha punje za kushika kwa kucha, inchi 5 na ile ya 10 kwa 6 zinakutosha, na utazunguka polepole sana. Kama mahali penu wazee waliwahi kutoa mawe ya gramu kumi, ishirini, hapo PI na koili ya inchi 11 au 14 ina maana. Inchi 15 na kuendelea ni ya uwanja wazi usio na magugu. Msituni inagonga kila kisiki, na kila ikigonga inalia.

Jambo moja kabla sijasahau: koili haziazimani hovyo. Koili ya GPX 5000 haiingii kwenye GPX 6000. Usinunue koili ya pekee kwa sababu tu plagi inafanana.

Wengi mnafeli kwenye kuchimba, hata mwenye mashini nzuri. Aparei imelia. Usipige sururu katikati ya sauti, utaikata dhahabu au kuirushia mbali. Chimba pembeni, toa bonge zima la udongo, pitisha koili tena kwenye shimo. Shimo limenyamaza? Basi kitu kiko kwenye bonge. Chukua kikombe cha plastiki, si cha bati. Jaza, pitisha mbele ya koili. Kinalia? Gawa nusu, hii mkononi, hii kikombeni. Pitisha. Gawa tena. Mwishoni unabaki na kiganja cha udongo, unaudondosha kidogo kidogo juu ya koili iliyolala chini, na ghafla, tik! Hapo usisogee, kiko juu ya koili. Na uwe na sumaku: kikiganda kwenye sumaku ni chuma, endelea na safari.

Simu weka mbali. Waya wa koili ufungwe vizuri kwenye mti wake, ukilegea unalia wenyewe. Na kile kifuniko cha chini ya koili kivue kila jioni ukioshe. Mchanga mweusi ukiingia mle ndani utakulilia siku nzima, utadhani uko juu ya mgodi.

Kuna wale wa hazina, wenye hadithi ya babu na Mzungu aliyefukia sanduku tangu mji huu ukiitwa Costermansville. Sitaki ugomvi na babu wa mtu. Ila ukitafuta sanduku, hizi za dhahabu ndogo siyo. Kuna aparei za visanduku viwili kwenye mti mmoja, kama Gemini-3 ya Fisher, ambazo hazijali msumari wala kifuniko cha chupa, zinasikia kitu kikubwa tu. Na ujue ardhi hii imehifadhi nini. Mwaka 1967 mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme walishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, na vita vingine vimefuata, mnavijua. Ganda la risasi, na hapa nasema risasi ya bunduki, mara nyingi ni la shaba ya manjano, linalia vizuri kama sarafu. Ukiona kitu cha mviringo chenye kutu, chenye mapezi au pete, acha hapo hapo, huenda ni bomu. Usikiguse, usikivute. Weka alama, rudi kwa nyayo zako, toa taarifa.

Halafu zile antena. Kijiti cha mkononi chenye antena mbili, muuzaji anakwambia kinaona dhahabu ya kilomita mbili. Mwaka 2013 huko Uingereza mtu anayeitwa James McCormick alifungwa miaka kumi kwa kuuza kijiti cha namna hiyo, ADE 651. Alikuwa anakiuza Iraki kama kifaa cha kutambua mabomu. Ndani hakuna kitu. Asili yake ni mchezo wa kutafutia mipira ya gofu. Chako cha dhahabu ni ndugu yake. Na GPX za bandia zimejaa Afrika nzima, Minelab wenyewe wanaonya kwa miaka mingi. Baba mmoja alinipigia video, GPX yake "mpya" ya bei ya nusu, skrubu zimekaa upande, maandishi yamekosewa herufi. Omba namba ya mashini, iulizie kwa wakala kabla ya kutoa pesa, na ijaribu ardhini kwa kipande cha risasi kama nilivyofanya. Muuzaji akikukatalia kujaribu, mshukuru, uende.

Makaratasi pia. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka mchimbaji mdogo awe Mkongomani mtu mzima, awe na karti ya mchimbaji, awe ndani ya koperativa, na achimbe kwenye eneo lililotengwa. Aparei inaonekana kutoka mbali, na mtu mwenye aparei anaulizwa maswali. Tembea na karti, na umwone chifu wa kijiji kabla hujawasha.

Mkiwa na maswali andikeni hapo chini, lakini mniambie kwanza karai lilionyesha nini. Mimi naacha hapa, nina shimo la kufukua kabla giza halijaingia. Jirani anaingia ziwani jioni, na wavu wake unasubiri risasi yake. Aksanti sana.