Amplifaya ya kidijitali kamili: uzoefu wangu na ya zamani na ya sasa

Ukipenda muziki unaotoka kwenye CD au kompyuta, amplifaya ya kidijitali kamili ni kifaa cha kusikiliza kwa makini kabla hujatoa hela. Mimi ninazo mbili, moja ya kizazi cha mwanzo na nyingine mpya zaidi, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia.

Nianze na jinsi zinavyofanya kazi. Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi hupokea mawimbi ya analogi, yaani umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe, ndipo zikayakatakata kuwa mapigo ya umeme. Hizi zangu hazipiti njia hiyo: namba zilizo kwenye CD hubaki namba hadi kwenye transista zinazosukuma spika, na mapigo yanalainishwa na koili na kapasita mwishoni kabisa. Hatua zinapungua, na kelele zinapungukiwa na mahali pa kujipenyeza.

Kwenye karatasi inavutia, ila hesabu yake ni ngumu. CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, na kila sampuli inaweza kuwa na thamani moja kati ya 65,536. Namba hugeuzwa kuwa upana wa pigo, yaani muda ambao pigo linadumu; ukitaka kila thamani iwe na upana wake, utahitaji saa ya ndani ya kuhesabu muda huo inayokaribia gigahezi 2.9. Wahandisi wakaongeza sampuli mara nane hadi kilohezi 352.8, wakabakiza hatua 256 tu za upana, na kelele inayozaliwa na ukadiriaji huo wakaisukuma juu ya masafa ambayo sikio linasikia. Hapo saa ya megahezi 90 hivi inatosha. Kwangu mimi huu ni ubunifu wa hali ya juu, na ndio uliowezesha vifaa kama TacT Millennium ya Denmark kutokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo hata sauti yake iliongezwa na kupunguzwa kwa kubadili voliti za pawasaplai, sehemu inayoleta umeme, ili namba zenyewe zisiguswe.

Ile yangu ya zamani ilinifurahisha kwa sauti safi ya katikati, na kwa ubaridi wake. Transista zinafungua kabisa au kufunga kabisa, kwa hiyo umeme unaopotea kuwa joto ni kidogo. Nikiigusa baada ya kusikiliza kwa saa nyingi, ni vuguvugu tu.

Tatizo lilikuja nilipobadilisha spika. Kwenye za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) matoazi yalikuwa makali, yanachoma. Nikaweka za omu 4, matoazi yaleyale yakafifia kana kwamba mpigaji amesogea nyuma ya pazia. Koili na kapasita za mwisho zimepangiwa mzigo fulani, na amplifaya ile haina njia ya kujua kinachotokea baada yake. Inatoa mapigo, basi. Besi nayo ilikuwa na kasoro: ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu, voliti za pawasaplai zinashuka, na sauti ya mwimbaji inayumba pamoja nazo, kwa sababu katika muundo huo voliti hizo ndizo zinazoamua ukubwa wa kila pigo. Tena kulikuwa na mchirizo mdogo kwenye spika ndogo ya juu, haubadiliki hata ukipunguza sauti hadi mwisho. Usiku unausikia.

Mpya ina kitu kimoja kilichobadilisha yote hayo: inapima sauti inayotoka baada ya koili, inailinganisha na namba zilizokusudiwa, na kusahihisha papo hapo. Wazo la kusahihisha makosa kidijitali lilikuwa limeshafika sokoni kwenye amplifaya ya NAD M2 mwaka 2009, ingawa kila kiwanda kinapima mahali pake. Nilirudia jaribio la spika zilezile. Tofauti ya matoazi ilikaribia kwisha, ngoma ikasimama imara, na mwimbaji akabaki mahali pake. Mchirizo sikuusikia hadi nilipobandika sikio kwenye spika. Haya ndiyo maendeleo ninayoyaona mimi: siku hizi amplifaya inajisikiliza, na hilo lina uzito kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Kwa santuri simsukumi mtu huku. Mawimbi ya analogi lazima yageuzwe namba kwanza, kwa hiyo faida ya njia fupi inapotea. Kama santuri ndiyo kila kitu kwako, chukua amplifaya ya mapigo inayopokea analogi. Miundo ya mhandisi Bruno Putzeys, kama UcD na Ncore, imeonyesha kwamba njia hiyo nayo inafika mbali sana.

Ukienda kununua, muulize muuzaji masahihisho yanachukuliwa kabla ya koili au baada. Asipojua, omba kusikiliza kwa spika zako mwenyewe, si zake, na uchague wimbo wenye matoazi mengi. Kingine, usiiweke karibu na redio ya masafa ya kati. Mapigo haya yanarusha kelele kwenye bendi hiyo, na redio yangu ilikuwa inanguruma kila amplifaya inapowaka hadi nilipoihamishia redio hiyo upande wa pili wa chumba.