Duka la kuosha picha karibu na Biashara Street, Mombasa: wanaiacha rangi ya mtu ilivyo

Nimekuwa nikiosha picha hapa kama mwaka na nusu sasa na kila mara najiambia nitaandika kitu, leo ni leo. Ni chumba kidogo kwenye kichochoro cha kutoka Digo Road kuingilia Biashara Street, juu ya duka la leso, unapanda ngazi nyembamba mpaka ghorofa ya kwanza. Bango lao halionekani vizuri ukiwa chini, we waulize tu wauza leso wapi wanaosha picha, watakuonyesha.

Mimi kazi yangu ni ya ofisini huko Kilindini, kamera ni mapenzi yangu ya Jumamosi. Siku hiyo natoka mapema, saa kumi na mbili na nusu niko nje ya Fort Jesus upande wa bahari, manake jua linatokea baharini na linaupiga ule ukuta wa matumbawe moja kwa moja, kwa muda mfupi ukuta mzima unageuka rangi ya asali na nyufa zote zinaonekana, jua likipanda kidogo tu basi, imeisha. Hapo nashika Ndia Kuu, napita Msikiti wa Mandhry, nashukia bandari ya kale kuangalia kama kuna jahazi limefunga, kisha narudi kwenye mabaraza ya Kibokoni watu wakiwa kwa kahawa chungu. Simpigi mtu bila kumuomba ruhusa. Na nikimuomba namuahidi kwamba nitamletea picha yake, ya karatasi, ya kushika mkononi. Sasa ukishaahidi watu hivo unahitaji mtu wa kukuoshea picha unayemuamini, na mimi nilichelewa kumpata.

Kabla ya hapa nilikuwa napeleka kwa studio nyingine mjini, jina siliweki. Nilikuwa nimempiga mama mmoja muuza viazi karai pale Mwembe Tayari, mama mweusi tii, uso unang'aa kwa joto la karai, amejifunga leso nyekundu mpya. Mwenyewe niliipenda hiyo picha kuliko zote za mwezi ule. Ikarudi na uso mweupe kama aliyepakwa poda, na mikono imebaki myeusi vilevile. Nikampelekea hivohivo kwa sababu nshamuahidi na ananingoja, akaishika, akaitazama, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Akanirudishia. Nilirudi kule studio kuuliza wakaniambia mashine ndo imesetiwa hivo na wateja wengi wanapenda. Mimi iliniuma sana. Mtu amekupa sura yake uende nayo halafu unamrudishia sura ya mtu mwingine.

Hapa Biashara Street siku ya kwanza nilikwenda na picha hiyohiyo kwenye flashi. Dada wa kaunta akaifungua kwenye skrini, na kabla hajanitajia hata bei akauliza, "Kaka, uso niuguse au niuache?" Nikamwambia uache. Akauacha. Yule mama nilipompelekea ya pili alijifuta mafuta mikononi kwanza ndo akaipokea, akamuita mwanawe aliyekuwa anamenya viazi nyuma, "Njoo uone, hii ni mimi khaswa." Mpaka leo nikipita ananiongezea pilipili ya ukwaju bila kuomba.

Mashine yao ni ile ya joto, si ya kurusha wino, na ukiomba kwa adabu wanakuachia usimame pembeni uitazame ikifanya kazi. Karatasi inatoka nje ikiwa na manjano matupu, hafifu, huwezi kujua ni nani. Inarudi ndani. Inatoka tena waridi imepanda juu ya manjano na sasa yule mtu ashapata midomo. Inarudi, inatoka na bluu, na hapo ghafla ni yeye, macho na kila kitu. Halafu inaingia mara ya nne na ikitoka huoni rangi iliyoongezeka, hiyo ya mwisho ni utando mwembamba wa kukinga, ndo unaofanya picha isishike alama za vidole na isichuruzike ikipata maji. Kwa hali ya hewa ya huku kwetu hilo si jambo dogo, picha zangu za zamani za wino nilizitia kwenye albamu ya nailoni, ikaja mvua ya Mei na ule unyevu wake, kurasa zikagandana na nilipojaribu kuzibandua nusu ya picha ikabaki kwenye nailoni.

Kama unataka kupima duka lolote la kuosha picha Mombasa nakushauri upeleke vitu vitatu: leso nyekundu, buibui na kanzu. Mashine za aina hii hazina rangi nyeusi ya kwao, nyeusi inatengenezwa kwa kupandanisha zile tatu, moja ikizidi kidogo tu buibui linakuwa la kijani au la kahawia, na mikunjo yote inapotea unabaki na kivuli kimoja kikubwa. Hapa buibui lilitoka jeusi na mikunjo yake unaiona. Kanzu nayo hatari yake ni kuungua, mtu akisimama juani nje ya msikiti kanzu inakuwa doa jeupe, mimi niliwapa picha ya babu mmoja baada ya sala ya Idi na darizi za shingoni zilionekana, nyeupe juu ya nyeupe. Leso ndo iliyowashinda mara ya kwanza, nyekundu ilivimba ikameza maandishi ya chini. Yule dada aliona mwenyewe kabla sijasema, akaipunguza, akarudia bila kunitoza, na ya pili jina la leso lilisomeka.

Lawama ninayo moja ya kweli. Kuna mzee muuza kahawa Kibokoni, anamimina kutoka juu, mkono mmoja umeinua dele, lile birika la kahawa, mwingine umeshika vikombe viwili vinavyolia, mashallah ni picha yenyewe. Siku hiyo kamera ilikuwa imeisha chaji nikampiga kwa simu. Karatasi ya inchi 6 kwa 4 ina umbo sawa na la kamera yangu, tatu kwa mbili, lakini simu nyingi zinapiga nne kwa tatu, kwa hivo ikijazwa kwenye karatasi lazima kitu kikatwe, na hapa kilichokatwa ni juu, karibu sehemu moja ya tisa ya kimo cha picha. Hawakuniambia wakati wa kuprinti na mimi sikuangalia nikiwa pale, nikaenda nayo hivohivo. Mzee akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaniambia, "Ahsante mwanangu, Mungu akuweke. Lakini dele langu liko wapi?" Mkono umeishia kwenye kiwiko na kahawa inatoka hewani. Nilirudi nikawaeleza, wakaniprintia upya wakiacha utepe mweupe pembeni ili picha nzima iingie, na tangu siku hiyo nimeona picha ikitoka kwa simu wanamuuliza mteja, ikatwe au iachiwe mweupe. Hata hivo wangebandika mfano pale ukutani watu waone wenyewe, wengi hawalijui hilo.

Bei: 6 kwa 4 nilikuwa nalipa shilingi 50, ukipeleka nyingi wanakupunguzia. Wanatoa mpaka 8 kwa 12. Utachagua glosi au mati, za ukutani nachukua mati kwa sababu haileti mng'ao wa dirisha, za kugawa glosi, watu wanapenda iwe inang'aa. Msitume picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na ule ulaini wa ngozi unaharibika, itumeni kama dokumenti au nendeni na memori kadi. Kwa 6 kwa 4 unataka angalau pikseli 1800 kwa 1200, simu yoyote ya siku hizi inafikisha hapo, kinachoharibu ni kule kutumiana tumiana.

Stima ikipotea kazi inasimama, hawana jenereta, mara mbili nimeshuka ngazi mikono mitupu. Ijumaa wanafunga kwa sala, wanarudi saa nane hivi. Ndani mna AC kali kwa ajili ya mashine, ukitoka hapo na kamera lenzi inafunga ukungu papo hapo kwa hili joto letu, iacheni ndani ya begi mpaka ipate joto, msiifute futa na shati. Mzee mwenye duka ndo alinifunza hilo, na ndo aliyenimulikia lenzi yangu kwa tochi ya simu akanionyesha kuvu imeanza pembeni, vijinyuzi kama utando wa buibui, nilikuwa nimeifungia kabatini miezi mitatu ya kusi. Akanipa vipakiti vya kufyonza unyevu bila kunitoza.

Nimewapa nyota nne na nusu kwa tano, ile nusu ni ya dele na jenereta. Fikeni kabla ya saa tano asubuhi, baadaye kunajaa watu wa picha za pasipoti na yule dada hapati nafasi ya kukaa na picha yako. Mimi nilikwenda Rabai Jumamosi iliyopita, nimerudi na kina mama wa sokoni na mgema mmoja akiwa katikati ya mnazi, majani yote yako nyuma yake. Huyo namtolea 8 kwa 12, nataka kuona ule ukijani kwenye karatasi kubwa unakaaje, nikimpelekea nitarudi kuongeza hapa.