Litografia ya Karel Appel: Nimeitoa Kwenye Fremu Tuione Vizuri

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sisemi mengi kabla hamjaona. Haya, tazameni. Kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, jicho moja jekundu, la pili la manjano, mdomo umeachama, halafu huu mstari mweusi mnene unaozunguka vyote. Ni litografia ya rangi, yaani chapa iliyochorwa kwanza juu ya jiwe au bamba, kazi ya Karel Appel, mchoraji mzaliwa wa Amsterdam, aliyeishi 1921 hadi 2006.

Najua kuna atakayesema hata mtoto wa chekechea angechora hivi. Basi ndicho walichokitafuta Appel na wenzake wa CoBrA, kundi la wasanii lililozaliwa Paris mwaka 1948: mkono wa mtoto ambaye bado hajafundishwa kuogopa. Mwaka 1949 Appel alichora ukutani, kwenye kantini ya ofisi za jiji la Amsterdam, picha ya watoto. Jina lake la Kiholanzi linabeba maana mbili, watoto wanaouliza na watoto wanaoomba, na vita vilikuwa vimeisha juzi tu. Wafanyakazi wakalalamika, picha ikafunikwa miaka kama kumi. Mimi nikiliangalia hili jicho jekundu nawaelewa. Linakudai jibu.

Sasa, swali ninaloulizwa kila siku: hii si chapa tu, ina tofauti gani na bango la kubandika ukutani? Sogeeni. Naweka lenzi ya kukuzia hapa kwenye jekundu. Bango la kawaida lingetuonyesha vidoti vilivyojipanga sawasawa. Hapa kuna chembechembe za ovyo ovyo, kila moja na umbo lake, kama chaki ikipita kwenye sakafu ya saruji. Mafuta na maji havipatani, na siri yote ni hiyo, tangu Mjerumani Alois Senefelder alipoigundua kule Bavaria mwaka 1796. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa au bamba, unalilowesha, unapitisha rola ya wino. Penye mafuta wino unanasa, penye maji unakataa.

Na kila rangi ina jiwe au bamba lake. Kwa hiyo karatasi hii imepita mashineni mara kadhaa. Ona hapa shavuni: bluu imepanda juu ya manjano, kikazaliwa kijani. Kijani hicho hakina jiwe lake! Nimekaa nacho jioni nzima.

Chini kuna penseli: 47/100, na sahihi. Yaani nakala ya 47 kati ya 100. Msilipie zaidi eti kwa sababu namba ni ndogo. Namba si lazima ifuate mpangilio wa kuchapwa. Na sahihi peke yake isikutosheni, maana hata bango husainiwa. Lenzi kwanza.

Kilichoniumiza kiko nyuma. Naigeuza. Aliyeitia fremu zamani aliibandika kwa gundi ya utepe kwenye kadibodi ya bei rahisi, na asidi imeacha huu ukanda wa kahawia pembeni. Picha za muuzaji zilikuwa za mbele tu, nami sikuomba za nyuma. Ninyi ombeni, tena ikiwa nje ya fremu.

Usiku huu inalala kwenye karatasi isiyo na asidi. Kesho naipeleka kwa fundi, na nimeshamwambia gundi isiiguse tena.