Ziara ya "Bila Foleni" Koloseo ya Roma: Unalipia Nini Hasa?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Bidhaa ya leo haishikiki mkononi, lakini inauzwa kila dakika mtandaoni: ziara ya kuongozwa jijini Roma ya Koloseo (jengo la kale la mapigano ya kutazamwa), Foro (magofu ya kitovu cha mji wa kale) na Kilima cha Palatino (palipokuwa na nyumba za makaisari), ile yenye maandishi makubwa ya "bila foleni". Ni saa tatu hivi za kutembea nyuma ya mwongoza watalii, ukiwa na kisikizi sikioni. Tiketi ya kawaida ya serikali inayokuingiza sehemu zote hizo tatu ni euro 18. Ziara ya kuongozwa mara nyingi utaikuta kati ya euro 45 na 70, na ile inayoshuka chini ya uwanja, yaani kwenye njia zilizo chini ya sakafu ya mapigano, hupanda hadi 90 au zaidi. Kwa hiyo tunachopima leo ni zile euro za juu, yaani ile tofauti.

Tuanze na foleni zenyewe, maana wengi hununua neno hilo bila kujua linahusu foleni ipi. Koloseo ina foleni tatu. Kuna ya dirisha la tiketi. Kuna ya ukaguzi wa usalama, mnapopita kwenye mashine na mabegi yakipita kwenye ya kwao. Halafu kuna ya geti, tiketi inaposomwa na jina lako kulinganishwa na kitambulisho. "Bila foleni" inakuondolea ile ya kwanza tu. Na mtu yeyote aliyenunua tiketi yake mtandaoni mapema, bila kampuni yoyote, naye ameshairuka hiyo hiyo. Ukaguzi wa usalama hauna njia ya mkato. Tena ndani hawaruhusiwi kuwa zaidi ya watu 3,000 kwa wakati mmoja, kwa hiyo idadi ikifika, hata kundi lenye tiketi za saa ile linasimama nje kusubiri wengine watoke. Muuzaji anayekuahidi utapita moja kwa moja mpaka ndani, huyo hakwambii ukweli, na usimpe hela yako.

Sasa mbona watu bado wananunua ziara? Sababu ya kwanza ni tiketi zenyewe kuwa adimu. Tovuti rasmi hufungua mauzo siku 30 kabla ya tarehe ya kuingia, na saa nzuri za asubuhi huisha upesi, hasa tiketi za kushuka chini ya uwanja. Hapo pana kidonda. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Italia ilizitoza faini kampuni kadhaa, jumla inayokaribia euro milioni 20, baada ya kuona kwamba tiketi za bei ya kawaida zilikuwa zinakombwa, nyingine kwa programu za kompyuta zinazonunua zenyewe, kisha zinarudi sokoni zikiwa zimefungwa pamoja na huduma za ziada. Mgeni wa kawaida alikuwa anakosa tiketi ya euro 18 halafu analazimika kununua kifurushi. Ndiyo maana tunasisitiza: jaribu kwanza tovuti rasmi, siku ile ile ya 30, kabla hujafungua pochi kwa ajili ya ziara. Ukikosa, au ukihitaji maelezo ya kitaalamu, hapo ziara ina maana.

Kuna jambo la majina, na hili liwaguse zaidi ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Tangu Oktoba 2023 tiketi za Koloseo zinatolewa kwa jina la mtu. Sisi wengi tuna majina matatu kwenye pasipoti, lakini mtandaoni tunajiandika mawili, au tunatumia lile tunaloitwa nyumbani. Usifanye hivyo. Andika kama pasipoti ilivyoandika: majina ya kwanza mahali pake, jina la ukoo mahali pake. Na unaponunua kwa kampuni, hakikisha wamekuomba jina la kila mmoja kwenye msafara wako. Kampuni isiyouliza majina kabisa ni dalili mbaya, kwa sababu bila majina haiwezi kuwa na tiketi zenu. Siku ya kwenda beba pasipoti yenyewe au kibali cha ukaazi, usitegemee picha iliyo kwenye simu. Mnaotoka nyumbani na mnasubiri viza ya Schengen, subirini itoke kwanza, maana tiketi rasmi hairudishiwi fedha. Baadhi ya ziara hukubali kughairi saa 24 kabla, ila soma masharti ya ziara ile ile unayonunua.

Watoto chini ya miaka 18 hawalipi tiketi, wa nchi yoyote, lakini lazima tiketi ya bure iwekwe kwa jina lao. Kwa hiyo kampuni ikikutoza mtoto bei sawa na mtu mzima, uliza hiyo fedha ni ya nini. Ya mwongoza watalii inaeleweka, ya tiketi hapana. Ile tiketi ya euro 2 ya vijana wa miaka 18 hadi 25 ni ya raia wa Umoja wa Ulaya. Kuishi Ujerumani au Ufaransa kwa kibali hakukupi hiyo.

Twende kwenye aina za ziara, kwa sababu jina ni moja na bidhaa ni tatu. Ya kawaida inakupandisha ghorofa ya kwanza na ya pili, unatazama uwanja kutoka juu. Ya pili inakuingiza kwenye uwanja wenyewe, yaani kile kipande cha sakafu kilichojengwa upya upande mmoja, unasimama pale wapiganaji wa kale walipopigana. Ya tatu inakushusha chini yake. Tiketi rasmi yenye uwanja au chini ya uwanja ni euro 24, si 18, nayo hudumu siku mbili.

Ushauri wetu hapa hauna kigugumizi: kama unalipia ziara, lipia ya chini ya uwanja. Ile ya kawaida unaweza kuitembea mwenyewe kwa kitabu kizuri. Lakini kule chini ni kuta, mashimo na njia nyembamba, na bila mtu wa kukueleza utaona mawe tu. Hapo ndipo palipokuwa na vizimba vya wanyama na lifti za mbao zilizovutwa na watumwa kwa magurudumu na kamba, mnyama akatokea ghafla juu kupitia mlango wa sakafuni. Mwaka 2015 waliweka lifti ya mfano, na mwongoza watalii mzuri atakusimamisha pale akuonyeshe mashimo ya nguzo na mikwaruzo ya kamba ukutani. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao iliyomwagiwa mchanga ili kunyonya damu. Neno la Kilatini la mchanga, harena, ndilo lililozaa neno arena linalotumika Ulaya nzima kwa uwanja wa mashindano.

Na mwongoza watalii mzuri unamjuaje? Kwanza awe na leseni, na kitambulisho chenye picha kining'inie shingoni. Pili, sikiliza anavyoanza. Ujenzi ulianza chini ya Kaisari Vespasian mwanzoni mwa miaka ya 70 baada ya Kristo, mwanawe Titus akaufungua mwaka 80, na mdogo wake Domitian akajenga zile njia za chini. Uliwekwa mahali ambapo Kaisari Nero, aliyetawala kabla yao, alikuwa na ziwa lake la kuchimbwa, kwa hiyo Vespasian aliwarudishia wananchi eneo ambalo mtawala alijichukulia. Mwongoza watalii anayekueleza hilo ameshakueleza siasa yote ya jengo. Anayeanza na kidole gumba juu, kidole gumba chini, ile hadithi ya mpiganaji kuachwa hai au kuuawa, mvumilie tu.

Kuna kipimo kingine tunachokipenda sana. Nje ya Koloseo, upande wa kaskazini, juu ya matao bado zinasomeka namba za Kirumi, kuanzia XXIII hadi LIV. Matao yalikuwa 80, na Mrumi wa enzi hizo alikwenda kwenye tao lenye namba yake, akapanda ngazi zake, akakaa kwenye tabaka lake. Watu elfu hamsini au zaidi waliingia na kutoka kwa mpangilio huo. Mwongoza watalii akikusimamisha hapo wakati mnasubiri foleni ya usalama, ujue anaipenda kazi yake. Vivyo hivyo yale mashimo yaliyotapakaa ukutani kama ndui: si ya risasi. Mawe yalifungwa kwa vishikizo vya chuma, na katika zama za kati watu waliyachimbua mawe kutoa chuma chao. Upande wa kusini uliporomoka kwa tetemeko la mwaka 1349, na mawe yake yakaenda kujenga majumba mengine ya mji.

Sasa Foro. Hapa ziara nyingi huharibika, na sababu ni saa. Saa ya kuingia Koloseo imeandikwa kwenye tiketi na haibadiliki, ila Foro inaingilika wakati wowote ndani ya muda wa tiketi. Kwa hiyo kundi likianza Foro, mwongoza watalii anakimbizana na saa ya Koloseo na mnapita hekalu hadi hekalu kama mnafukuzwa. Chagua ziara inayoanza Koloseo asubuhi na kumalizia Foro na Palatino. Ikiisha, mwongoza watalii anaondoka na wewe unabaki ndani mpaka utakapochoka. Lakini ukitoka Foro umetoka. Tiketi haikurudishi mara ya pili.

Ndani ya Foro dai mambo mawili. La kwanza ni Tao la Titus. Humo ndani pamechongwa askari wakibeba kinara cha matawi saba kutoka hekalu la Yerusalemu lililobomolewa mwaka 70. Mwaka 1995 mtaalamu Géza Alföldy alisoma maandishi ya kale ya Koloseo kwa kufuata mashimo yaliyoshikilia herufi za shaba, akaonyesha kwamba jengo lilijengwa kwa mali ya nyara, zinazoaminika kuwa za vita hiyo hiyo ya Yerusalemu. Yale uliyoyaona asubuhi na hili tao ni hadithi moja. La pili ni Tao la Septimius Severus, la mwaka 203. Huyo kaisari alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mtoto wa Afrika aliitawala Roma, na tao lake ndilo mojawapo ya majengo yaliyosimama vizuri zaidi pale. Makundi mengi hupita bila hata kulitaja, na hilo linatuudhi.

Viatu: barabara ya kale ndani ya Foro ni mawe makubwa meusi yaliyopinda na kuachana, yanayoteleza hata yakiwa makavu. Sandali laini zitakutesa, na kigari cha mtoto kitakwama. Kivuli ni kidogo. Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 35, kwa hiyo chukua ziara ya saa mbili na nusu asubuhi au ya jioni. Beba chupa ya plastiki au ya chuma, ya kioo inazuiwa kwenye ukaguzi. Maji ya mabomba ya barabarani Roma yananyweka na ni ya bure, jaza pale. Begi kubwa au sanduku halipiti, na hakuna pa kuliacha, basi usiende moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Wenye magoti mabovu waulize lifti kabla ya kundi kuanza kupanda, kwa sababu ngazi za Koloseo ni ndefu na zimesimama wima, na kundi halisubiri.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure na tiketi za kawaida haziwekwi mapema, zinatolewa hapo hapo. Siku hiyo "bila foleni" haina maana kabisa. Desemba 25 na Januari 1 pamefungwa.

Mahali pa kukutana ndipo wengi hupoteza fedha zao zote. Kituo cha metro cha Colosseo kina njia ya kutokea chini, uso kwa uso na jengo, na nyingine ya juu, Largo Gaetana Agnesi. Ujumbe wa kampuni ukisema "karibu na metro", waandikie uulize ni juu au chini. Fika dakika 30 kabla. Kundi likishapita ukaguzi, huwezi kuingia peke yako kwa kutaja jina lako tu, maana mwongoza watalii ndiye mwenye tiketi. Njiani utakutana na vijana wanaouza ziara kwa sauti tamu na wanaume waliovaa kama askari wa Kirumi wanaotaka kupiga picha nawe. Wote hao watakudai. Na kwenye metro shika simu yako.

Mkimaliza Palatino, tokeni kwa mlango wa Via di San Gregorio, mgeuke kulia na mshuke mpaka mwisho wa barabara, dakika tano au sita. Pale Piazza di Porta Capena, mbele ya jengo ambalo leo ni makao ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndipo uliposimama mnara wa Aksum, nguzo ndefu ya jiwe ya kale, ulioletwa kutoka Ethiopia mwaka 1937. Ulirudishwa kwao mwaka 2005 na kusimamishwa tena 2008. Mahali hapo hapamo kwenye ziara za kuruka foleni, na kufika hapo ni bure. Kituo cha metro cha Circo Massimo kiko pale pale, njia B ile ile mliyojia.