Tela kuukuu la Airstream: ekseli ya mpira au springi?
Airstream, kampuni ya Marekani inayounda matela ya kulala safarini, ilianza kufunga ekseli za mpira mwaka 1961. Ndani ya bomba la chuma kuna fito za mpira zinazobanwa gurudumu likipanda. Tela linatulia, na springi za kukagua hakuna. Lakini mpira hukakamaa, hasa tela likiegeshwa miaka mingi. Ukiona mkono unaounganisha gurudumu na ekseli umeelekea juu kabla hujapakia mizigo, ekseli imekwisha. Inabadilishwa nzima, na hapo ndipo gharama inapouma.

Springi za vyuma bapa ni nafuu, na kipande kikivunjika fundi wa kawaida anakibadilisha. Ila zinarusha zaidi, na bushi, vile vipete vya kwenye maungio yake, huisha.

Kama fremu iliundwa kwa ekseli ya mpira, mimi ningebaki nayo. Kugeuza kuwa ya springi kunadai kuchomelea vishikizo vipya vya chuma kwenye fremu. Tela la miaka ya 1950 lenye springi, nawe unapita njia mbovu mbali na gereji? Zibakize.